Vipokezi vya ubongo visigeuzwe hukumu ya ukoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie makala mliyoichapisha wiki tatu zilizopita kuhusu ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mwandishi wake aliwaeleza wasomaji kwamba wanasayansi wamegundua kuwa jeni za vipokezi vya dopamini (yaani protini zinazopokea ujumbe wa kemikali hiyo ya ubongo) katika ubongo wa wagonjwa zimezidi, kwamba kuzidi huko hurithiwa ndani ya ukoo, na kwamba familia yenye busara ingedai kipimo cha jeni kabla ya kupeleka au kupokea posa. Nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na mdogo wangu wa kiume anaishi na ugonjwa huo tangu alipokuwa na umri wa miaka 22. Binti yake, ambaye nimemlea mimi shangazi yake, alikuwa ameposwa. Siku nne baada ya makala yenu kusambazwa katika simu za watu, mshenga alirudi nyumbani kwetu na salamu kwamba upande wa mwanamume unangoja kwanza tuonyeshe hicho kipimo.

Kipimo hicho hakipo. Ningependa kueleza kwa nini hakipo, na kwa nini utafiti ambao mwandishi wenu aliuegemea hausemi yale aliyoyasema.

Kosa la makala ile limekaa katika neno moja. Mwandishi aliandika "jeni" mahali ambapo watafiti wanazungumzia udhihirikaji wa jeni, na hayo ni mambo mawili tofauti. Jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya seli, na karibu kila seli ya mwili, iwe ya ini, ya ngozi au ya ubongo, imebeba nakala kamili ya maagizo yote. Kinachoitofautisha seli ya ini na seli ya ubongo ni maagizo gani yanasomwa, kwa nguvu gani, na wakati gani. Darasani nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wakifikirie chuo cha Kurani ambacho watoto 40 wameshika juzuu ileile, wala hakuna juzuu iliyopungua herufi, lakini huyu anasoma kwa sauti ya juu, yule ananong'ona, na mwingine bado hajafungua ukurasa. Anayepima udhihirikaji wa jeni hafungui juzuu kuona kilichoandikwa. Anasimama mlangoni akisikiliza kinachosomwa. Anahesabu nakala za RNA mjumbe, ambazo seli huzitengeneza kila inaposoma jeni fulani ili iunde protini yake, na kipokezi ni protini mojawapo kati ya hizo. Usomaji huo hupanda na kushuka kwa sababu ya umri, sigara, dawa, hata kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao mtu katika saa zake za mwisho, ilhali juzuu yenyewe imebaki vilevile.

Basi mtu akituambia kwamba kipokezi fulani kimezidi katika ubongo wa wagonjwa, haki ya mgonjwa ni kwamba tuulize kwanza: kilizidi kabla hajaugua, kilizidi kwa sababu anaugua, au kimezidi kwa sababu ya yale tuliyomfanyia sisi katika kumtibu? Swali hilo si la kubishana tu, kwa kuwa historia ya kipokezi cha dopamini kinachoitwa D2, ndicho alichokitaja mwandishi wenu, imelizunguka swali hilohilo kwa karibu nusu karne.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wao dawa ya klopromazini na kuona sauti walizozisikia wao peke yao na hofu zikipungua kwa watu ambao hapo kabla walikuwa hawana tiba ya maana. Hakuna aliyejua dawa ile inafanya nini ndani ya ubongo. Mwaka 1963, Arvid Carlsson na Margit Lindqvist wa Sweden walitoa hoja kwamba dawa za aina hii huziba vipokezi vya kemikali ambazo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe, dopamini ikiwa mojawapo. Katikati ya miaka ya 1970, Philip Seeman huko Toronto na Solomon Snyder huko Baltimore walionyesha, kila mmoja na wenzake, kwamba kadiri dawa inavyokishika kipokezi cha dopamini kwa nguvu, ndivyo dozi yake kwa mgonjwa inavyokuwa ndogo. Kisha mwaka 1978 watafiti wa Uingereza na Canada waliopima ubongo wa wagonjwa waliokwisha kufariki wakaripoti kwamba vipokezi vya dopamini vilikuwa vingi kuliko kawaida. Ilionekana kana kwamba mwizi amekamatwa na ushahidi mkononi.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka 1977, David Burt, Ian Creese na huyohuyo Snyder walikuwa wamewapa panya wazima dawa za skizofrenia kwa wiki kadhaa, na vipokezi vya dopamini katika ubongo wa panya hao vikaongezeka. Wale panya hawakuwa na skizofrenia wala ukoo wenye skizofrenia. Kipokezi ni sikio la seli, na seli iliyozibwa masikio kwa muda mrefu hutega sikio zaidi kwa kujiundia masikio mengine. Wagonjwa wengi ambao ubongo wao ulipimwa miaka ile walikuwa wametumia dawa hizo kwa miaka mingi. Kwa hiyo wingi uliohesabiwa baada ya kifo ungeweza kuwa, kwa sehemu kubwa, alama ya tiba yenyewe.

Njia ya kuamua ilikuwa kuwapima watu walio hai ambao bado hawajameza hata kidonge kimoja, na hilo liliwezekana pale ilipopatikana mashine ya kupiga picha za vipokezi ndani ya kichwa cha mtu aliye macho. Mwaka 1986 kundi la Baltimore lilitangaza kwamba vipokezi vya D2 vimezidi hata kwa wagonjwa wasiotumia dawa. Mwaka uliofuata kundi la Lars Farde huko Stockholm halikuona tofauti yoyote. Ubishi uliendelea kwa miaka. Oliver Howes na wenzake wa London walipokusanya na kuchambua kwa pamoja tafiti zote za namna hiyo mwaka 2012, walikuta kwamba kwa wagonjwa ambao hawajawahi kutumia dawa, wingi wa vipokezi vya D2 haukuonekana, na kwamba kasoro iliyo wazi zaidi iko upande wa pili wa sinapsi (maungio ya seli mbili za neva), yaani katika seli inayotengeneza na kumwaga dopamini. Mdomo ndio unaopaza sauti kupita kiasi. Makala yenu, iliyochapishwa miaka mingi baadaye, ilisimama mwaka 1978.

Nisieleweke kwamba ninasema dawa ndizo zinazoleta ugonjwa. Ugonjwa hutangulia dawa, na dawa humrudisha mtu. Mdogo wangu aliwahi kuambiwa na mtu aliyemwamini kwamba vidonge vinamharibu ubongo, akaviacha kimyakimya. Mwezi wa tatu alitoweka nyumbani, na siku ya kumi na moja tulimkuta stendi ya Korogwe, miguu imevimba, akijitetea mbele ya watu ambao hatukuwaona. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2012 chini ya Stefan Leucht wa Ujerumani ulionyesha kwamba katika kipindi cha kati ya miezi 7 na 12, wagonjwa 64 kati ya 100 waliobadilishiwa dawa kwa kidonge kisicho na kitu walirudiwa na ugonjwa, ikilinganishwa na 27 kati ya 100 walioendelea na dawa. Ninajua pia gharama ya dawa hizo, kwa sababu ninaiona mezani kila siku: mikono yake hutetemeka anaponyanyua kikombe, na midomo yake ina mwendo ambao hauombi ruhusa. Familia inayoelewa kwamba seli imejibu dawa kwa kuongeza vipokezi inaelewa pia kwa nini dawa isikatwe ghafla, na kwa nini kupunguza dozi ni kazi ya kufanywa hatua kwa hatua pamoja na daktari. Hilo lingekuwa jambo la kuwasaidia wasomaji wenu, kuliko kipimo cha posa.

Sasa nije kwenye udhihirikaji wa jeni wenyewe, kama unavyopimwa leo. Mwaka 2016 muungano wa watafiti wa Marekani uitwao CommonMind ulichapisha matokeo ya kusoma RNA katika sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ya watu 258 waliokuwa na skizofrenia na watu 279 ambao hawakuwa nayo, wote wakiwa marehemu. Jeni 693 zilionekana kusomwa kwa kiwango tofauti. Idadi hiyo inatisha mpaka uulize tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani: ilikuwa kati ya mara 1.03 na mara 1.33. Maana yake ni kwamba mahali ambapo ubongo wa asiyeugua ulisoma jeni mara 100, ubongo wa mgonjwa kwa wastani ulisoma mara 103, au mara 109, na katika jeni iliyotofautiana kuliko zote mara 133 hivi, au ulipungukiwa kwa kadiri kama hiyo. Huo ni wastani wa makundi. Ukichukua ubongo mmoja bila kuambiwa ni wa nani, kwa jeni moja hutaweza kusema mwenyewe aliugua au hakuugua, kwa sababu vipimo vya makundi mawili vimepishana na kuingiliana kama mawimbi ya bahari mbili. Tena hapo ni baada ya kuupata ubongo wenyewe. Mate au damu ya binti aliye hai hayawezi kueleza seli zilizo nyuma ya paji la uso wake zinasoma nini.

Utafiti ulionigusa kuliko wote ulitoka mwaka 2024, ukiongozwa na watafiti wa Boston waliosoma RNA ya seli mojamoja katika ubongo wa marehemu 191 wenye umri wa kuanzia miaka 22 hadi 97. Waligundua kwamba nyuroni, yaani seli za neva, na seli zinazozihudumia, ziitwazo astrosaiti, hupandisha na kushusha kwa pamoja usomaji wa jeni zinazotunza sinapsi, kama wapiga ngoma wawili wanaosikilizana. Kwa watu waliokuwa na skizofrenia usomaji huo ulikuwa umeshuka. Ulikuwa umeshuka vilevile kwa wazee ambao hawakuwahi kuugua. Nilisoma matokeo hayo nikamkumbuka mama yetu katika miaka yake ya mwisho, akilitafuta neno na kulikosa, na jinsi mwanawe mgonjwa alivyokuwa mwepesi kuliko sote kumkamilishia sentensi. Alama ambayo makala yenu iliitaka iwe ya ukoo fulani tu, inapatikana kwa kiasi katika kila nyumba iliyobahatika kuwa na mzee.

Wala vipokezi vyenyewe si D2 peke yake. Vipo vya glutamati, kemikali nyingine ya ubongo, ambavyo vikizibwa kwa ketamini, dawa ya usingizi, hata mtu mzima wa afya huweza kuingiwa kwa muda na hali inayofanana na skizofrenia. Vipo pia vya kemikali iitwayo asetilikolini, vinavyoitwa vya muskarini, na hapa utafiti wa ubongo wa marehemu umezaa tunda. Mwaka 2009 Elizabeth Scarr na Brian Dean wa Melbourne, pamoja na wenzao, waliripoti kwamba takriban robo ya wagonjwa waliowachunguza walikuwa na upungufu mkubwa wa vipokezi hivyo katika sehemu ya mbele ya ubongo, upungufu unaokaribia robo tatu, wakati wengine hawakuwa nao. Kwa maneno mengine, jina moja la ugonjwa huenda limefunika maradhi zaidi ya moja. Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya Cobenfy, ambayo huamsha vipokezi vya muskarini. Ni dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa ugonjwa huu isiyopitia njia ya kukiziba kipokezi cha dopamini, miaka 72 baada ya klopromazini. Ndilo lengo la kuhesabu vipokezi: kutafuta mlango mwingine wa kumfikia mgonjwa.

Sikatai kwamba ugonjwa huu una urithi ndani yake. Ningekuwa mwalimu mbaya kama ningekataa. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa jeni za wagonjwa 76,755 na watu 243,649 wasiougua, na zikapatikana sehemu 287 za jenomu (maagizo yote ya mwili kwa pamoja) zinazohusiana na skizofrenia. Karibu na jeni ya D2 ni mojawapo. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha kwamba mabadiliko adimu sana katika jeni chache, mojawapo ikiwa ya sehemu ya kipokezi cha glutamati iitwayo GRIN2A, huongeza uwezekano kwa kiasi kikubwa. Lakini zile sehemu 287 kila moja husukuma kidogo mno, na kila anayesoma barua hii amebeba nyingi kati yake, pamoja na baba wa kijana aliyemposa binti yetu. Pacha wa kufanana, wenye juzuu moja kabisa, mmoja akiugua, mwenzake huugua katika nusu ya hali au pungufu. Mtoto wa mgonjwa yuko katika uwezekano mkubwa kuliko jirani yake, ndiyo, ila watoto walio wengi wa wagonjwa hawaugui. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya 300 duniani anaishi na skizofrenia. Ukoo mpana ulioenea toka Tanga mpaka Pangani ukisema hauna hata mmoja, ama haujahesabu vizuri, ama umemficha chumba cha uani.

Zipo desturi zetu za kuulizia ukoo kabla ya posa, na mimi siyo wa kuzibeza. Wazazi wangu waliuliziwa, nami nimewahi kutumwa kuulizia. Watu huuliza kifafa, ukoma, uchawi na wazimu. Ukoma tumekwisha kujifunza kwamba ni kijidudu na una dawa, na swali lake linafifia. Kilichonisikitisha katika makala yenu ni kwamba iliuchukua woga wa zamani ikauvisha koti jeupe la maabara.

Tena jenomu na ubongo uliohesabiwa katika tafiti nilizozitaja ni wa watu wa Ulaya na Marekani kwa sehemu kubwa, na Waafrika ni wachache mno ndani yake. Hata kama kipimo kingekuwepo, kingekuwa kimekatwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya Waxhosa wa Afrika Kusini, wagonjwa 909 na wasiougua 917, na kukuta mabadiliko adimu yenye madhara yakiwa mengi zaidi kwa wagonjwa katika jeni za sinapsi. Mradi uitwao NeuroGAP-Psychosis umekusanya mate ya maelfu ya watu huko Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na Kenya, na kwa upande wa Kenya kazi imefanyika Eldoret na hapa jirani zetu Kilifi. Ninawaheshimu sana waliokubali kutoa mate yao, wagonjwa na wazima, kwa ajili ya jambo ambalo huenda wao wenyewe wasilifaidi. Ila nani atathubutu kujitokeza tena akijua kwamba kesho gazeti litasema jeni zake ni sababu ya kuvunja ndoa ya mwanawe? Na ubongo wa marehemu, ambao kwetu sisi huzikwa upesi pamoja na mwenyewe, ni jambo zito zaidi; familia huko ughaibuni zilizokubali kuutoa siku ya msiba zilifanya hivyo ili wagonjwa wapate dawa bora.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza, mchapishe masahihisho, katika ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule, yanayosema wazi kwamba hakuna kipimo cha damu wala mate kinachoweza kuonyesha kwamba mtu ataugua skizofrenia, na kwamba wingi wa vipokezi vya D2 ulioonekana katika ubongo wa marehemu unaweza kuwa umeletwa na dawa walizotumia. La pili, mwandishi wenu anapopata habari nyingine ya namna hii, amuulize daktari wa magonjwa ya akili wa Mirembe, Muhimbili au hospitali yoyote ya mkoa maswali matatu tu kabla ya kuandika: waliopimwa walikuwa hai au wamekufa, walikuwa wanatumia dawa au hawatumii, na tofauti iliyopatikana ni kubwa kiasi gani.

Jina langu na namba yangu ya simu nimeviambatisha kwa ajili yako, Ndugu Mhariri. Naomba visichapishwe, kwa kuwa binti huyo anasoma gazeti hili, na mshenga hajaleta bado jibu la mwisho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Tanga